Mzee wa Mapambo na Mguu Mwekundu

Jina la Mapambo alijipa mwenyewe, kwa mdomo wake, wiki ya kwanza kazini. Walikuwa wamekusanyika kwenye chumba cha chai na kila mhandisi akajitambulisha kwa sehemu anayoishughulikia: huyu miguu ya jukwaa, yule sakafu, yule vyuma virefu vinavyopigiliwa chini ya bahari. Zamu yake ilipofika akasema, "Mimi ni wa mapambo tu." Alisema hivyo ili mtu mmoja, hata mmoja, apinge. Akatazama huku na huku akingoja. Mtu pekee aliyefungua mdomo alikuwa akiuma biskuti.

Tangu hapo miaka imepita, nywele zimepungua, kitambi kimekuja bila kualikwa, na jina limebaki. Hata mlinzi wa getini humwita hivyo, tena kwa heshima, akidhani ni jina la ukoo.

Ofisi yao hukagua majukwaa ya gesi, yale majumba ya chuma yanayosimama katikati ya bahari kwa miguu minne. Huyajenga upya ndani ya kompyuta, chuma kwa chuma, kisha huyapelekea dhoruba ya kutisha na kukaa pembeni na vikombe vyao vya chai kuona kama yatasimama. Hakuna anayeloa. Mapambo mwenyewe alifika kwenye jukwaa halisi mara moja tu katika maisha yake, akatapika pale pale boti ilipofunga, na akarudishwa pwani na boti ile ile. Hupenda kusema kwamba yeye ndiye mhandisi pekee ofisini aliyeacha alama kwenye kazi yake.

Mapambo, kwa maana ya kazi, ni vile vitu vyote ambavyo jukwaa linavyo lakini halivitegemei kusimama: ngazi, reli za kushikia, njia za kupitia, mabomba ya maji, na lile gati dogo la chuma linaloning'inia ubavuni ambako boti hufunga. Havibebi jukwaa. Lakini wimbi halijui hilo. Wimbi likija linapiga chochote kilicho mbele yake, na kipigo hicho lazima kiende mahali; kinapita kwenye ngazi, kinaingia kwenye mguu. Ndiyo maana vitu hivyo navyo huchorwa kwenye kompyuta, na kila kimoja huwekewa alama kwenye kisanduku kidogo kando ya jina lake. Alama ile inaiambia programu: hiki kipigwe, kikabidhi kipigo kwa mguu, basi, kisisaidie kubeba. Usipoweka alama, programu haikuulizi kitu. Inakichukua kijireli cha mkono na kukihesabu nguzo.

"Kazi yangu ni ya tarishi," Mapambo huwaambia watu wanaouliza. "Napokea kofi la mwenzangu, nalipeleka kwa mwenyewe."

Na kama ilivyo kwa mafundi wengi, kazi ilimfuata hadi nyumbani. Watoto walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilibaki na watu watatu: yeye, mkewe ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mama mkwe, mkunga mstaafu, aliyekuja kupona goti. Goti lilipata nafuu, mkunga akabaki, na hakuna aliyelalamika. Tatizo lilikuwa jokofu.

Siku moja, wakati mwalimu yuko shuleni, mama mkwe alimkamata fundi wa umeme aliyekuja kubadilisha balbu, akamwamuru alihamishe jokofu kutoka jikoni hadi sebuleni, karibu na televisheni. Sababu alikuwa nayo: jiko lina joto na jokofu linateseka. Mwalimu aliporudi alisimama mlangoni na mkoba begani, akalitazama jokofu, jokofu likanguruma. Aliingia chumbani, na jioni ile ndipo zilipoanza salamu za kupitia kwa mtu wa tatu.

"Mwambie mama yangu," mwalimu alisema, "jokofu si kabati la vyombo, halikai sebuleni."

"Mwambie mkeo," mkunga alisema, "mimi nimezalisha nusu ya mji huu, jokofu halinishindi."

Mapambo aliyachukua maneno ya huyu, akayapunguza makali njiani, akayafikisha kwa yule yakiwa yamelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Alijiona mtu wa maana sana. Wanawake wawili wenye vichwa vigumu, na nyumba bado imetulia, nani kama yeye? Walikuwa wanaishi chini ya paa moja, wakipishana kwenye korido kwa adabu zote, na kila jambo la maana likipita kwake. Hata akiwa kazini. Mke yuko sebuleni, mama yuko chumbani, kuna ukuta mmoja katikati, na simu inalia ofisini ng'ambo ya mji: mwambie mama ile dawa ya goti iko juu ya meza.

Sasa, kuhusu miguu.

Mhandisi wa miguu ofisini alikuwa mzee mmoja mwembamba waliyemwita Babu Miguu, na Babu Miguu alikuwa anastaafu. Kiti chake kilikuwa dirishani. Kilikuwa na mto wa kukalia, wa kitambaa cha kijani kilichochakaa, ambao Babu aliukalia kwa muda mrefu kiasi kwamba ulikuwa na umbo lake. Mapambo alikitamani kiti kile kwa namna ambayo mtu mzima hapaswi kutamani kiti. Mhandisi mkuu, mama mmoja mkavu wa maneno mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, wote wakimwita Mkuu tu, alimwita na kumwambia: kuna jukwaa moja la zamani, mwenye nalo anataka kuongeza mtambo mzito wa kusukuma gesi juu yake, na anauliza kama miguu itaumudu. Afanye modeli yote peke yake, miguu na mapambo, mwanzo hadi mwisho. Ikikaa sawa, kiti ni chake.

Mapambo alirudi nyumbani siku hiyo kifua mbele. Alimwambia mkewe, mkewe akakiambia chumba kizima cha walimu. Alimwambia mama mkwe, mama mkwe akauambia mtaa. Ndani ya muda mfupi muuza duka alikuwa anamuuliza, "Mheshimiwa, miguu imefikia wapi?" na wateja wengine wakimtazama magoti kwa huruma. Alinunua shati jipya. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni, mswaki mdomoni, akafanya mazoezi ya kusema "Mimi ni wa miguu" kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Babu Miguu naye hakungoja. Asubuhi moja alikuja na ule mto wa kijani, akauweka mezani kwa Mapambo. "Chukua kabisa," alisema. "Mimi nimeshaanza kukaa kwa kusimama, najizoeza kustaafu." Mapambo aliukalia siku hiyo hiyo. Ulikuwa mgumu na umeinama upande mmoja, na hakuwahi kukaa mahali pazuri kama pale.

Modeli ilikwenda vizuri kupita matumaini. Kwenye programu yao chuma kinachobeba kwa raha huwa cha kijani, kinachoanza kulemewa huwa cha njano, na kilichozidiwa huwa chekundu. Mapambo aliweka ule mtambo mpya juu, akaleta dhoruba, akafumba jicho moja. Miguu yote minne ikatoka kijani. Si kijani cha kubahatisha, kijani kibichi, na nafasi bado iko. Aliandika ripoti kwa mikono miwili, akajizuia kuweka nukta ya mshangao mwishoni. Kikao cha kuisaini kikapangwa mchana, baada ya chakula.

Asubuhi ya kikao hakuwa na kazi ila kutengeneza picha ya jalada. Na hapo ndipo majivuno yalipomponza, au yalipomwokoa, mwenyewe mpaka leo hana uhakika.

Aliitazama picha ya jukwaa kwenye skrini. Lilikuwa limejaa ngazi, reli, mabomba, na gati la boti ubavuni. Jukwaa la Mapambo. Mtu akifungua ripoti, kitu cha kwanza kuona ni mapambo, na chini yake jina la mwandishi, ambaye naye ni Mapambo. Hapana. Leo alitaka ionekane miguu peke yake, mitupu, imesimama kiume. Kwa hiyo alichagua mapambo yote, kazi ya maisha yake, akabonyeza kufuta. Yaliondoka kwa mpigo mmoja. Programu ikamwambia kwamba kitu kikifutwa rangi nazo hupotea, sharti iendeshe hesabu upya. Akairuhusu, akaenda kuchota chai.

Aliporudi, mguu wa magharibi ulikuwa mwekundu.

Alikaa. Alikunywa chai kidogo, kwa sababu mkono ulikuwa tayari umeshika kikombe. Aliutazama ule mguu, nao ukamtazama. Na hebu tuseme ukweli kama anavyoukiri mwenyewe: kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa furaha. Kumbe! Kumbe muda wote ule yeye ndiye aliyekuwa anashikilia! Ameyaondoa mapambo, jukwaa limeyumba! Alitamani kuwaita wote waje waone. Alitamani yule wa biskuti awepo.

Furaha ile haikumaliza hata chai iliyokuwa mdomoni. Ukimpunguzia mtu mzigo mgongoni, anatakiwa atembee vizuri zaidi. Alikuwa ameondoa ngazi na gati, maana yake ameondoa mahali pote ambapo wimbi lingepiga na kupeleka kipigo kwenye mguu. Mguu ulipaswa kupumua, lakini badala yake umezidiwa. Basi kuna pambo lililokuwa linabeba, na pambo halitakiwi kubeba.

Hakuhitaji kutafuta sana, kwa sababu alijua. Mtu hujua mtoto yupi kavunja dirisha. Lilikuwa gati.

Gati lile lilikuwa fahari yake. Alilichora zamani, alipokuwa bado na nywele, kila bomba, kila raba ya kuzuia boti isigonge, hata kingazi cha pembeni, akawa analihamisha kutoka kazi moja hadi nyingine kama watu wanavyohama na kitanda cha urithi. Hakuna ofisini aliyekuwa na gati kama lake. Lakini lilikuwa na tabia moja, aliyoijua yeye tu: ukilinakili kutoka modeli ya zamani, vyuma vinakuja vyote, alama haziji. Kila safari ilibidi aziweke upya kwa mkono, kisanduku kwa kisanduku. Na kila safari aliziweka.

Alifungua modeli ya awali na kuangalia. Ngazi zote zilikuwa na alama. Reli zote. Kwenye gati alama zilianza vizuri, zikateremka kwa mpangilio hadi katikati, kisha zikakatika, visanduku vitupu hadi mwisho. Na alikumbuka. Simu ilikuwa imelia. Ilikuwa ile ya dawa ya goti juu ya meza. Alimpigia mama mkwe, mama mkwe akamjibu kwamba dawa ameshaiona, si kipofu, na amwambie mkewe aache kuhamishahamisha vitu vya watu. Akampigia mkewe, akamwambia, "Mama anashukuru." Kisha akarudi kwenye kompyuta akiwa ameridhika na nafsi yake, akaendelea na mabomba.

Gati limekamata mguu wa magharibi upande huu na mguu jirani upande ule. Bila alama, programu ililiona kama boriti nene iliyofunga miguu miwili pamoja. Lile gati la kufungia boti, alilowahi kulitapikia, lilikuwa limebeba mtambo wa gesi.

Hapo akaanza kujitetea, maana mtu akiwa peke yake ndipo anapokuwa wakili hodari. Gati si la chuma? Ni la chuma. Halipo pale kweli? Lipo. Basi kwa nini lisihesabiwe kidogo? Nani atajua? Angerudisha mapambo yote kwenye picha, aseme ameyaacha kwa ajili ya uzuri, Mkuu angesaini, na kiti kile cha dirishani kingekuwa chake kabla ya jioni. Alikuwa anajua jibu hata kabla hajamaliza swali. Gati hugongwa na boti kila mara. Raba zake huisha, chuma chake hupinda, na huwa kuna siku linafunguliwa na kushushwa kupelekwa kutengenezwa. Siku hiyo mguu hubaki peke yake na mtambo mpya juu, na juu ya mtambo kuna watu wamelala, wengine wanapika, wengine wanapiga simu nyumbani. Alirudisha gati, akaweka alama hadi kisanduku cha mwisho, akaendesha hesabu tena. Mguu ukawa mwekundu zaidi, maana sasa kipigo cha wimbi kilikuwa kinafika na msaada wa uongo haupo.

Aliogopa, na aliona uchungu, na alijionea aibu, yote kwa pamoja. Aliukalia ule mto wa kijani hadi saa ya kikao, lakini kwa ukingo tu.

Mkuu alikuwa ameshafungua kalamu. Babu Miguu alikaa pembeni yake kwa kuaga, amevaa koti zuri. Mapambo aliwageuzia skrini, na hakukuwa na haja ya hotuba.

"Ripoti niliyosoma jana ilikuwa na miguu ya kijani," Mkuu alisema.

"Ndiyo, Mkuu. Ile ilikuwa inabebwa na gati. Sikuweka alama zote."

Mkuu aliifunga kalamu. "Umegundua vipi?"

Hili ndilo swali aliloliogopa kuliko yote. Angeweza kusema alikuwa anahakiki. Neno zuri, hakiki, lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. "Nilifuta mapambo yote ili picha ya jalada ipendeze," alisema. "Nilitaka ionekane miguu tu."

"Ipendeze kwa nani?"

"Kwangu, Mkuu."

Babu Miguu alianza kukohoa, na ikachukua muda kueleweka kwamba anacheka. Mkuu hakucheka, lakini alivua miwani na kuifuta, jambo ambalo kwake ni karibu sana na kucheka.

"Kwa hiyo bila ubishoo wako, tungemwambia mteja aweke mtambo juu ya gati la boti."

"Ndiyo, Mkuu."

"Sijui nikushukuru au nikufukuze."

"Ningeshauri lile la kwanza, Mkuu."

Kisha Mkuu akasema yale aliyotakiwa kusema, bila kupandisha sauti, na kila mtu mle ndani alijua ni haki. Mguu utafungwa mkanda wa chuma chini ya maji kabla mtambo haujapanda, na mteja ataambiwa leo. Kiti cha miguu atapewa mama mmoja wa ofisi ya tawi aliyekuwa amekiomba. "Miguu haitaki mtu anayeipatia kwa bahati," alisema. Mapambo atabaki kwenye mapambo. "Na lile gati ulifute. Lijenge upya tangu mwanzo. Sitaki kulisikia limenakiliwa tena."

Hilo la kiti alikuwa amejiandaa nalo. La gati lilimchoma. Alitikisa kichwa kukubali.

Babu Miguu alikuwa ameacha kucheka. Lilikuwa limemjia polepole kwamba huo mkanda wa chuma kuna mtu lazima aupigie hesabu, na yule mama wa tawi hajahamia. "Mimi naondoka Ijumaa," alisema.

"Huondoki Ijumaa," alisema Mkuu.

Babu alimgeukia Mapambo. Alikuwa mtu mpole, na hata wakati ule hakumkasirikia. Alisema tu, "Basi naomba mto wangu."

Mapambo aliuchukua kutoka mezani kwake, akapita nao katikati ya ofisi nzima, ameukumbatia kwa mikono miwili, na watu wakawa wanatazama skrini zao kwa bidii ya ajabu.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anatunga. Hiyo ndiyo kazi aliyoiweza. Kwa mke angesema jambo limeahirishwa kidogo, kuna taratibu. Kwa mama mkwe angesema amepata, ila kiti kinafanyiwa ukarabati. Angewaambia mmoja mmoja, kila mtu chumbani kwake, kila mtu kwa kipimo chake, na nyumba ingelala salama. Alipofika mlangoni kila kitu kilikuwa kimeshapangika.

Wote wawili walikuwa sebuleni.

Hakuwa amewaona wamekaa chumba kimoja tangu jokofu lihame. Mwalimu alikuwa kwenye kochi la upande huu, amevaa gauni lake la mahafali. Mkunga alikuwa kwenye kochi la upande ule, mguu wa goti bovu juu ya stuli. Katikati yao lilikuwa jokofu, na kwenye meza kulikuwa na glasi tatu. Kwa kitu kingine wasingekaa pamoja. Kwa ajili yake walikuwa wamekaa.

Akafungua mdomo, na yale yote aliyoyatunga hayakuwa na pa kuingilia. Ya mke yangesikiwa na mama, ya mama yangesikiwa na mke. Akabaki na habari kama ilivyo. "Sikupata," alisema. "Nilikosea hesabu. Niliacha alama nusu njia, jukwaa likaonekana zima kumbe mguu mmoja umezidiwa. Kiti amepewa mwingine. Na nimefuta gati langu." Sauti ilimwishia kwenye gati, mahali pa kijinga kabisa pa kuishiwa sauti.

Jokofu lilinguruma. Mama mkwe alimtazama, kisha akageuka akamtazama binti yake.

"Huyu amekula?"

"Hajala," mwalimu alisema. "Akiwa na jambo hali, namjua."

"Basi mpe chakula."

"Chakula kiko jikoni, Mama, na mboga ziko humu kwenye jokofu. Nikipika nakuwa kiguu na njia, jiko na sebule, sebule na jiko, kila siku."

"Na nani kakuzuia kulirudisha?"

"Si wewe? Si ulisema unaomba likae wiki moja tu, halafu nyingine, halafu nyingine?"

Mkunga aliushusha mguu kutoka kwenye stuli. "Mimi? Mimi siombi wiki kwa mtu. Mimi niliambiwa wewe umelipenda hapa. Kwamba siku ya pili tu ulisema, afadhali, jiko limepata nafasi. Nikasema kama amelipenda liache, ingawa usiku linaninyima usingizi."

"Nililipenda?" mwalimu alisema taratibu, kwa ile sauti ya kusahihisha mitihani. "Nani alikwambia nimelipenda?"

Vichwa viwili, vilivyofanana kuliko alivyowahi kuviona vikifanana, vikamgeukia yeye aliyesimama mlangoni na mkoba wake.

"Nilikuwa napunguza makali," Mapambo alisema.

Walimtazama mpaka walipochoka, kisha wakatazamana, na ni mkunga aliyeanza kucheka, kicheko kizito cha tumboni, akafuatiwa na binti yake, ambaye alijaribu kujizuia kwa sababu bado alikuwa amekasirika na ikamshinda. Walicheka hadi mwalimu akajifuta macho kwa pindo la gauni la mahafali. Mapambo naye alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyealikwa kwa kuchelewa.

"Nyanyuka, Mama," mwalimu alisema. "Tulirudishe sasa hivi, tusilale nalo tena."

"Lina magurudumu. Wewe sukuma, mimi nitaongoza."

Mapambo aliweka mkoba chini na kukunja mikono ya shati jipya. "Niacheni mimi."

"Wewe shika mlango," alisema mama mkwe.

Akaenda kushika mlango wa jikoni. Jokofu likaja taratibu, likitetemeka kwenye viungo vya vigae, binti nyuma, mama mbele akirudi kinyumenyume na mkono mmoja hewani.

"Kushoto kidogo, Mama. Angalia goti."

"Nimeliona. Na wewe usisukume kama umekasirika."

"Nimekasirika."

"Najua. Sukuma polepole."

Walipita mbele yake wakiendelea kuongea, na hakuna aliyemwambia amwambie mtu kitu chochote. Mlango ule ulikuwa na kizuizi chake chini, hujishikilia wenyewe ukifunguliwa hadi mwisho, na alijua, maana yeye ndiye aliyekifunga. Akaushika hivyo hivyo mpaka jokofu likaingia lote.